Niliowaandikia Warudie Darasa

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja ambayo naikumbuka hadi leo, mwanangu, hata vumbi la chaki kwenye mkono wa shati langu nalikumbuka. Nilikuwa nimeketi mbele ya darasa la saba, katika shule moja ya msingi upande wa Moding, karibu na mpaka wa Malaba, nikiandika ripoti za kufunga mwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Cheti changu cha ualimu hakikuwa na mikunjo bado.

Umeniambia umepata barua ya kazi, kwamba muhula ujao utakuwa mwalimu wa junia, gredi ya saba hadi ya tisa, na umekuja kutaka kwangu neno la kukusindikiza. Neno ninalo. Lakini siwezi kukupa hivi hivi kabla sijakueleza nilikolitoa, maana sikulipata chuoni wala kwenye semina.

Asubuhi hiyo nilifika kwenye ripoti ya msichana aliyeitwa Amoit. Pale chini, mahali pa maoni ya mwalimu wa darasa, nikaandika: Arudie darasa. Nikaiweka kando. Nikachukua ya mvulana aliyeitwa Okware, nikaandika maneno yale yale. Kisha nikaendelea na wengine. Kazi yote hiyo haikunichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Nikueleze kwanza mambo yalivyokuwa, kwa sababu ninyi mmekuta mtaala mwingine. Wakati huo masomo yalikuwa ya nane, nne, nne. Kwenye karatasi ilikuwa safari iliyonyooka kabisa: mtoto anapitia nasari, yaani chekechea, anakaa miaka minane shule ya msingi, minne sekondari, minne chuo kikuu, anatoka mtu mzima mwenye kazi. Sisi walimu tulijua ilivyokuwa kwa kweli. Mwisho wa darasa la nane kulikuwa na mtihani, mwisho wa kidato cha nne kulikuwa na mwingine, na kila mtihani uliacha watoto wengi nje. Na shule yenyewe ilipimwa kwa wastani wa alama za darasa la nane. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na ubao mweusi ambapo wastani wa kila mwaka uliandikwa kwa chaki. Mzazi akiingia, macho yalikwenda pale kabla hajasalimia mtu.

Basi tulikuwa na njia yetu, na haikuwa siri. Mtoto aliyeonekana atauvuta wastani chini alizuiwa darasa la saba. Anarudia. Mwaka ukiisha, kama hajabadilika, anarudia tena, au anachoka anaenda zake. Hatukumfukuza mtu. Hivyo ndivyo tulivyojiambia, na tukalala vizuri.

Amoit alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amesharudia darasa la nne na la sita. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, anakaa nyuma kabisa, magoti hayaingii chini ya dawati. Alianza shule kwa kuchelewa, na kwao walizungumza Ateso tu. Ukimuuliza swali kwa Kiingereza alinyamaza. Alikuwa analigeuza kichwani, analitafutia jibu kwa Ateso, halafu analirudisha kwa Kiingereza, na akifika hapo mimi nilikuwa nimeshamwuliza mwingine. Hayo nayajua sasa. Wakati ule niliona ni mzito tu. Okware yeye alikuwa wa aina nyingine, mwenye maneno mengi, hesabu za kichwa anazitoa haraka, lakini umpe kalamu aandike utadhani umempa adhabu.

Mama yake Amoit alikuja kesho yake, akitoka kuuza omena, wale dagaa wa Port Victoria. Aliweka beseni lake nje ya mlango, akajifuta mikono kwa leso, akasimama.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto ako na makosa gani?"

"Hana makosa, mama. Ni alama ndizo hazijatosha."

Nikachukua karatasi nikamchorea safari yote, kuanzia nasari mpaka chuo kikuu, nikamwonyesha pale penye mtihani na jinsi mlango ulivyo mwembamba. Nilichora vizuri. Nilikuwa najivunia michoro yangu. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua.

"Mimi hii mambo ya nane na nne siielewi," akasema. "Nauliza tu, huyu wangu atamaliza lini?"

Nikamwambia atamaliza akishakuwa tayari. Akaitika kwa kichwa, akajitwika beseni lake, akaenda.

Sasa, pale shuleni kulikuwa na mwalimu wa nasari aliyeitwa Mama Nabwire. Alikuwa Msamia kutoka pande za Nangina, aliolewa huku kwetu, na umri wake ulikuwa wa kunizaa mimi. Darasa lake lilikuwa ukumbi wa kanisa upande wa pili wa uwanja. Hakuwa na vitabu. Alifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda na magunzi ya mahindi, na wazazi walimtunza kwa walichovuna. Sisi wenye vyeti hatukumhesabu kuwa mwalimu hasa. Kwenye mikutano ya walimu alikaa kwenye benchi karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza maoni. Hata mimi sikuwahi kumuuliza.

Siku mbili baada ya mama yake Amoit kuja, Mama Nabwire alimtuma mtoto aniite wakati wa mapumziko. Nikaenda. Hakunieleza kitu, alinionyesha kibao kifupi nikae, akaendelea na kazi yake. Nikakaa pale magoti yakiwa karibu na masikio, watoto wananichungulia, wakiimba namba zao hadi kumi na kurudi. Walipotoka kwenda kunywa uji ndipo akanigeukia.

"Unamwona yule mwenye sweta ya kijani, yule anayefuata ukuta? Tangu Januari alikuwa hajasema neno hata moja. Wiki iliyopita alisema maji. Hapa kwangu siku hiyo tulipiga makofi mpaka mikono ikauma."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Amoit nilimfundisha mimi," akasema. "Alikuwa hivyo hivyo. Anafikiri kwanza, anasema baadaye. Wewe umekaa naye mwaka mzima. Hiyo uliijua?"

"Mama, mimi nina mtihani," nikamjibu. "Wewe huna mtihani."

"Ni kweli, sina. Mimi kila Januari naletewa watoto wanaolia mpaka wanatapika. Na sijawahi kumwambia hata mmoja arudi tumboni kwanza akakomae."

Akaanza kuokota vifuniko vya soda sakafuni, na bila kuniangalia akasema tena, taratibu, "Ule wastani kwenye ubao wa ofisi, mwanangu, ni wa Amoit ama ni wako?"

Ningekuambia kwamba nilitoka pale nimebadilika, ingekuwa hadithi nzuri, lakini ningekudanganya. Nilitoka nimekasirika. Njiani nikivuka uwanja nilijiambia kwamba nasari ni kuimba na kunywa uji, na kwamba mama huyu hajui uzito wa darasa la saba. Ripoti nikazigawa kama zilivyokuwa.

Januari ilipofika niliita majina. Amoit hakuitika. Okware hakuitika. Na nikuambie ukweli wote, kwa sababu ndiyo maana umekuja: nilipoona kimya kile, nilipumua. Nilichora mstari kwenye daftari la mahudhurio, nikaendelea na jina lililofuata.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, nilipoteremka Malaba kununua viatu. Malori yalikuwa yamepangana kuelekea mpakani, mstari usioonekana mwisho wake, madereva wamelala chini ya magari yao na maturniboi, wasaidizi wao, wakifua nguo kwenye ndoo. Niliingia hoteli moja ya mabati pembeni mwa barabara, nikaagiza chai. Aliyeileta alikuwa Amoit.

Aliiweka mezani kwa mikono miwili. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na aproni iliyomzidi.

"Yoga, mwalimu," akanisalimia, kwa adabu ile ile ya darasani.

"Amoit. Mbona hukurudi shule?"

Alinyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu, sikuwa na mwingine wa kumuuliza. Ikabidi ningoje.

"Nilirudi, mwalimu," akasema hatimaye. "Siku ya kwanza nilifika mpaka kwa dirisha. Nikaona wale waliokuwa darasa la sita wamekaa kwa dawati letu. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pangu."

Dereva mmoja aliyekuwa meza ya pili akagonga kikombe chake, akamwita mrembo, akacheka na wenzake. Kilikuwa kicheko cha watu wazima kwa mtoto, mwanangu, na mtoto hakukishtukia tena, alikuwa ameshakizoea. Akaenda kumhudumia. Nilijaribu kunywa ile chai nikashindwa. Sikujua kwamba mdogo wake alikuwa ndani ya darasa langu. Nilikuwa namfundisha kila siku na sikuwahi kuyaunganisha majina.

Sikununua viatu. Nilirudi moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mama Nabwire, nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamweleza nilichokiona. Nilidhani atanihurumia kwa jinsi nilivyojisikia vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje?" akauliza. "Mimi siye niliyeandika."

Basi Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, usimdhanie hivyo. Alikuwa mtu aliyeogopa wazazi, nao wazazi waliogopa watoto wao wasije wakakosa sekondari, na kila mmoja alimsukuma aliye mbele yake. Nilimwomba Amoit aingie darasa la nane, asirudi la saba tena, na mimi nipande naye nimfundishe.

"Wastani ukianguka, utajibu wewe," akasema.

"Nitajibu, mwalimu."

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado halijazama, nilikwenda kwao. Ilikuwa vigumu kuliko ofisini. Mama alinipa kiti, na Amoit akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Niliwaambia kwamba nilikosea, na kwamba niliandika bila kumjua mtoto niliyekuwa namwandikia. Mama alimtazama binti yake. Sisi wawili tukangoja.

"Nitakaa na nani?" Amoit akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Si alama, si mtihani.

"Utakaa na wenzako wa darasa la nane," nikamwambia. "Wale ulioanza nao la saba."

Wiki iliyofuata alikuja.

Utaniuliza kuhusu Okware. Okware sikumtafuta. Niliambiwa amevuka kwenda Tororo kwa mjomba wake, nikajiambia kwamba Uganda nako kuna shule, atapata. Hata kwao sikwenda kuuliza. Nilikuwa nimerekebisha kosa moja na nikaona inatosha.

Mwaka ule Amoit ndiye aliyenifundisha kufundisha. Nilijizoeza kuuliza swali, kisha kuhesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla sijasema tena. Ishirini ni mbali sana ukiwa umesimama mbele ya watoto hamsini. Mwanzoni wenzake walicheka. Baadaye walizoea, na nikagundua kwamba hakuwa yeye peke yake. Kulikuwa na wengine sita au saba ambao nao walikuwa na majibu na hawakuwahi kupewa nafasi ya kuyafikisha mdomoni.

Alifanya mtihani. Alama zake zilikuwa za kawaida, za kutosha kuitwa shule ya sekondari ya kutwa iliyo karibu, si zaidi. Wastani wetu ulishuka kidogo. Mwalimu mkuu aliuandika ubaoni bila kunitazama, na haukupita muda mrefu nikapewa uhamisho kwenda upande wa Funyula. Sikulalamika. Nilikuwa nimesema nitajibu.

Kidato cha nne alimaliza, lakini alama yake haikukaribia ya kuingia chuo kikuu. Majirani wakasema ndiyo basi, masomo yamefika mwisho. Hata mimi, nilipopata habari kule Funyula, nilisema hivyo hivyo moyoni. Nilikuwa bado na ile michoro yangu kichwani, safari moja iliyonyooka, na aliyeanguka njiani ameanguka.

Aliyefikiri tofauti ni Mama Nabwire. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akamwita Amoit amsaidie nasari. Basi ikaonekana kwamba yule msichana aliyekuwa akichelewa kujibu alikuwa na subira ambayo watu wengi hawazaliwi nayo. Mtoto akilia, alikaa naye chini. Mtoto akinyamaza, hakumharakisha. Mama Nabwire ndiye aliyemwambia kuna kozi ya walimu wa chekechea, unasoma shule zikifungwa na unafundisha zikifunguliwa, na alama yake ya kidato cha nne ilimtosha kuingia. Alisoma hivyo miaka miwili akapata cheti. Cheti kile kilimwezesha kuingia diploma. Diploma, baada ya miaka mingine ya likizo zisizokuwa likizo, ikampeleka chuo kikuu, kwenye mlango ule ule aliokuwa amefungiwa kutoka kidato cha nne. Aliuingia akiwa mke wa mtu na mama wa watoto watatu, mwalimu mwenye miaka mingi kazini.

Nilialikwa mahafali yake. Mama Nabwire alikuwa amefariki miaka miwili kabla, hakuiona siku hiyo. Mama yake Amoit alikuwepo, amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, na hotuba zilivyokuwa ndefu akasinzia. Walipolisoma jina la Amoit, lilisomwa lote, pamoja na la mume, na hakulitambua. Nikamgusa bega. Alifungua macho akamwona binti yake anatembea na joho jeusi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika ni yule. Nikamwambia nina hakika. Leo Amoit anafundisha watu wanaosomea ualimu wa chekechea, katika chuo kimoja mjini Busia. Nasikia wanafunzi wake wapya hushangaa, kwa sababu akiuliza swali anangoja sana.

Ningependa kukomea hapo, mwanangu. Lakini mwaka jana nilikuwa Malaba, nimeketi nje ya duka la vyakula vya mifugo nikingoja gunia langu lipakiwe kwenye pikipiki. Dereva mmoja wa lori, mwenye mvi kwenye ndevu, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema. "Umenisahau. Mimi Okware."

Nilisimama. Tukashikana mikono, akaniomba tukae. Aliniambia alikaa Tororo mwaka mmoja bila kusoma, akawa turniboi, akajifunza gari, na sasa anaendesha mpaka Kigali. Aliyasema yote kwa furaha, hakuna mahali aliponilaumu. Kisha akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Binti yangu yuko gredi ya tisa. Shule imetuma hii, ati tuseme anaingia njia gani. Mimi nimeizungusha wiki nzima. Nikiuliza madereva, kila mtu anasema yake. Wewe ni mwalimu, nielezee kutoka mwanzo. Mimi niliachia saba."

Alisema hivyo tu, niliachia saba, kama mtu anayetaja alikozaliwa. Na mimi niliyemwachisha nilikuwa nimekaa kando yake juani.

Nikamweleza. Sikuchora, nilisema tu, na nilisema polepole. Nilimwambia mtoto siku hizi anaanza na miaka miwili ya awali, wanaiita pipi wan na pipi tu, yaani PP1 na PP2. Anaingia gredi ya kwanza mpaka ya sita, ndiyo shule ya msingi. Kisha junia miaka mitatu, gredi ya saba, nane na tisa, mara nyingi pale pale kwenye boma la shule ya msingi. Halafu sinia miaka mitatu, gredi ya kumi mpaka ya kumi na mbili. Na kabla ya kuingia sinia mtoto anachagua njia moja kati ya tatu: ya sayansi na ufundi, ya masomo ya jamii na lugha, au ya sanaa na michezo. Kutoka hapo wapo wanaokwenda chuo kikuu moja kwa moja, na wapo wanaokwenda vyuo vya ufundi wakaanza na cheti, wakapanda diploma, na anayetaka kuendelea hakuna aliyemwekea ukuta. Nikamwambia hayo ya mwisho nimeyaona kwa macho yangu.

"Yeye anataka hii ya sanaa," Okware akasema. "Anachora. Lakini watu wananiambia hiyo ni ya walioshindwa, nimsukume kwa sayansi. Wewe unaonaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Mwalimu huwa halikosi. Lakini mtoto mwenyewe sikuwa namjua, na nilishawahi kuwaamulia watoto wawili mambo yao kwa dakika chache.

"Muulize yeye," nikamwambia. "Muulize kwa nini, halafu ungoje mpaka amalize kusema. Uende naye shuleni, uwaulize walimu wake wanamwona akifanya nini vizuri. Halafu muamue pamoja."

Akaanza kuikunja barua. Nikajua akiondoka kabla sijasema, sitasema tena.

"Okware, ule mwaka, mimi ndiye niliyekuandikia urudie. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwalimu. Ilikuwa ni mwandiko wako."

"Nilikukosea. Halafu sikukutafuta."

Aliangalia malori upande wa pili wa barabara. Alikaa hivyo kwa muda, nami sikumharakisha.

"Hiyo ni ya zamani," akasema. "Lakini asante umeisema." Kisha akaifungua tena ile barua juu ya goti lake. "Hebu nirudishe pale kwa njia tatu, nisije nikamwambia mtoto vibaya."

Nikamrudisha. Tulianza upya kutoka gredi ya tisa, mara mbili, mpaka akaweza kunieleza yeye.

Basi mwanangu, neno langu ndilo hili. Utakuta mtaala mpya, vitabu vipya na majina mapya ya madarasa, na pengine baada ya miaka kumi vitabadilishwa tena. Usihangaike sana na majina. Mfumo wowote wa masomo, tangu chekechea hadi chuo kikuu, unafika kwa mtoto ukiwa na sura ya mtu mmoja aliyesimama mbele yake siku hiyo, na kwa watoto wako mtu huyo ni wewe. Ukiwa na kalamu mkononi, mjue mtoto kabla hujamwandikia. Ujue kwao wanaongea lugha gani, ujue mdogo wake yuko darasa gani. Ukiuliza, ngoja. Njia tatu za sinia usizipange kwa heshima, ukaifanya moja ya werevu na nyingine jalala. Na usimwambie mtoto wala mzazi wake kwamba amefika mwisho, maana wewe mwenyewe huoni mbali hivyo. Mwalimu wa chekechea umsalimie kwa jina na umpe kiti mkutanoni, kwa kuwa kila unayemfundisha amepitia mikononi mwake.

Na utakosea. Najua utakosea, kwa sababu kazi hii ni ya watu. Siku hiyo usikimbilie kujihurumia. Nenda kwa uliyemkosea angali karibu, useme, na uwatafute wote, usichague mmoja ukaridhika. Mimi nilichelewa kwa mmoja maisha yake yote ya shule, na uungwana wake ndio ulioniwezesha kukaa naye juani siku ile.

Nenda sasa. Mungu aliyekupa sauti ya kufundisha akupe na masikio. Watoto wako wakuone ukiingia wafurahi, wakuache wakiwa wamekuzidi, na ukizeeka wakusalimie barabarani bila wewe kuona haya. Amani iende nawe, mwanangu.